Mkia wa Salamu

Ujumbe wa Mbonea haukuwa na salamu, na hilo ndilo lililomshtua Nakundwa hata kabla hajayafikia maneno yenyewe. Kwao Usangi, huko juu kwenye milima ya Upare, mtu anaweza kuja kukuambia kwamba mbuzi wako wamemaliza mahindi yake yote, lakini ataanza na habari za asubuhi, ataulizia wazee, ataulizia mvua, ndipo ateremke taratibu mpaka kwenye balaa lililomleta. Mdogo wake alikuwa ameandika mistari mitatu mikavu.

"Mama tumemzika jana saa nane. Usitume maua. Ukitaka kupiga, piga kwa simu ya mtu, hii yako sitaipokea tena."

Aliusoma akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ndani ya chumba cha kufulia cha nyumba aliyopanga Batumi, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi ambako mvua hunyesha kama imeajiriwa. Hapo ndipo mtandao uliposhika vizuri. Alikuwa amejifunga blanketi kiunoni na kuvaa soksi mbilimbili. Kwenye skrini ya pili, pembeni, Nakundwa huyo huyo alikuwa amekaa kwenye roshani yenye jua, shati jeupe la kitani, nywele zimetulia, bahari inametameta nyuma yake, anazungumza na wateja wa Rotterdam. Alimsikia akicheka. Kicheko kilikuwa chake kabisa, kile cha zamani, cha kabla hajaanza kuchoka.

Hiyo ndiyo iliyoitwa Sura. Miaka hiyo kila mfanyakazi wa mbali aliyetaka kazi ya maana alikuwa nayo: uso wake, sauti yake na namna yake ya kuandika, vyote vimekabidhiwa mtambo unaohudhuria vikao, unaojibu barua, unaobandika picha za safari na neno la hekima kila Jumatatu. Mwajiri hakukutazama wewe. Alitazama Nuru, ile namba iliyokaa juu ya jina lako, iliyopanda ukionekana umechangamka na kushuka ukionekana una shida. Chini ya themanini hupati mkataba. Chini ya sitini hata kibali cha kukaa nchi za watu kinafutwa, maana nani anamtaka mgeni mwenye matatizo. Na Nuru haikumpenda mtu anayeganda mahali pamoja, kwa hiyo Nakundwa alihama kila baada ya wiki sita, mwaka wa saba sasa, begi moja mgongoni, kutoka chumba chenye baridi kwenda chumba chenye baridi, huku Sura yake ikibandika picha za jua la miji ambayo yeye aliijua kwa matope yake. Nuru yake ilikuwa tisini na nne.

Simu ya mtu. Alielewa Mbonea alimaanisha nini. Alishuka ngazi akabisha kwa Bibi Manana, mwenye nyumba, mama mnene wa Kijojia aliyekuwa akikanda unga jikoni. Hawakuwa na lugha moja kati yao. Nakundwa alinyoosha kidole kwenye simu kongwe ya ukutani, simu isiyojua habari za Sura wala Nuru, na yule mama akamtazama usoni. Alifuta mikono kwenye aproni, akatoka, akamwachia jiko.

Mbonea alipokea lakini hakumwamkia. Alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, Nakundwa ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na tangu apate kusema hakuwahi kumfungulia dada yake kinywa bila shikamoo. Nakundwa aliuliza, kwa sauti iliyokuwa inapanda yenyewe, imekuwaje mama augue mpaka afe na azikwe, naye mtoto wa kwanza asiambiwe hata neno. Upande wa pili alisikia kuku, akasikia mtu akiburuta benchi. Watu wa matanga walikuwa bado wapo.

"Dada, tulikuambia," Mbonea akasema. "Tangu Machi tunakuambia. Na ulikuwa unajibu kila siku, hata siku moja hukukosa."

Nakundwa akasema hakuna alichoambiwa. Mbonea hakubishana naye. Alisema tu, kama mtu anayesoma mahali palipoandikwa, kwamba hata swali la mguu dada alilijibu mwenyewe.

"Mama alisema mguu haukatwi mpaka mwanangu wa kwanza aseme. Ukasema tuendelee hivyo hivyo. Basi tukaendelea hivyo hivyo."

Akakata simu.

*

Kila Sura ina hifadhi. Sheria inataka ujumbe wa asili usifutwe, kwa hiyo haufutwi, unawekwa mahali ambapo hakuna mtu mwenye muda wa kufika. Nakundwa alipita kurasa tatu za maonyo na nywila aliyokuwa ameshaisahau. Miezi mitano yote alikuwa akiletewa muhtasari tu, kila jioni, mstari mmoja katikati ya mistari ishirini ya kazi: Nyumbani, salama. Aliusoma huku anapiga mswaki. Tuseme kweli, ulimpa raha, ile raha ya mtu aliyetimiza wajibu bila kunyanyuka kitini.

Wa kwanza ulikuwa wa Machi. "Hatujambo mwanangu, ila mguu umevimba kidogo, nadhani ni ule mwiba wa siku ya zamu yetu kule ndivani." Ndiva ni bwawa la kijiji ambalo kila kaya ina siku yake ya kufunguliwa maji, na mama yake alikuwa hakosi zamu hata anyeshewe. Sura ilikuwa imejibu baada ya sekunde nne: "Nafurahi sana kusikia hamjambo, mama! Muwe na siku njema!" Mwishoni kilibandikwa kijua cha manjano.

"Hatujambo, ila daktari amesema ni sukari, na kidonda kimeingia ndani." Nafurahi sana kusikia hamjambo. Kijua.

Kisha ule wa Mei, mrefu kuliko yote. Mama yake alianza kwa kushukuru. "Ahsante mwanangu kwa kunijibu upesi hivi, wenzangu huku wanalalamika watoto wao hawajibu. Sisi wazima, ila hospitali wanataka kuukata mguu. Baba yako anasema wakate. Mimi nimewaambia namsubiri mwanangu, yeye ndiye aliyesoma. Ukisema wakate, nakubali."

Na hapo chini, kwa herufi zake Nakundwa, kwa jina lake, kwa ule utani wake wa kuvuta maneno: "Jamaniii, hongereni kwa kuwa wazima! Endeleeni hivyo hivyo mama, nawapenda!"

Alilia palepale kwenye ndoo, kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwao, mpaka Bibi Manana akapanda ngazi na kusimama mlangoni na mikono yake ya unga. Nakundwa hakumwona. Alikuwa amerudi kwenye skrini, maana ujumbe haukuishia pale, na sasa hakuweza tena kuacha.

Mwezi Juni aliyeandika alikuwa Mbonea. "Shikamoo dada. Hatujambo, ila mama amenikataza kukuandikia habari za ugonjwa. Anasema ila ni ya mtu wa nyumbani, mgeni mpe salama tu aende zake." Sura ikaitikia: "Marahaba mdogo wangu! Nafurahi sana kusikia hamjambo!" Baada ya hapo ulibaki mmoja tu wa mama mwenyewe, wa Julai, wa neno moja. "Hatujambo." Hakukuwa na ila. Katika jumbe zote hizo, huo ndio ujumbe pekee ambao Sura iliujibu sawasawa.

Chini ya kila ujumbe palikuwa na maandishi madogo ya kijivu, ya kiofisi. Mkia umeondolewa. Kanuni ya 41. Mtunzi: N. Msangi.

Msangi alikuwa yeye.

Miaka sita nyuma kampuni ya Usomwema, hiyo inayotengeneza Sura, ilikuwa inahangaika na wateja wake wa Kiswahili. Mtambo ulidhani mtu akisema mzima, basi ni mzima. Kumbe mtu wa kwetu anaweza kuwa amefiwa, ameibiwa na nyumba imeungua, ukimuuliza habari atakujibu nzuri, kisha avute pumzi aseme ila. Nzuri ni heshima. Habari yenyewe iko nyuma ya ila. Sura zilizojifunza kwa watu hao ziliingia vikaoni zikaulizwa na wakubwa habari za asubuhi, zikajibu kwa tabasamu kwamba ni nzuri, ila mtoto amelazwa na mwenye nyumba anatutoa. Nuru za watu ziliporomoka kwa mamia. Ndipo akatafutwa Nakundwa, mwalimu wa isimu aliyechoshwa na chuo, naye kwa wiki mbili akaandika kanuni iliyompa jina: Katika salamu, jibu ni neno la kwanza. Kinachofuata ila ni mkia. Mkia usitumwe.

Aliandika usitumwe, na alimaanisha hivyo, kwamba hayo ni ya kutoka kwenda kwa wakubwa, si ya kuingia. Miaka miwili baadaye mtu fulani ofisini aliuliza kama kanuni hiyo hiyo inaweza kufanya kazi kwenye ujumbe unaoingia, ili muhtasari uwe mfupi. Swali lilimkuta kwenye foleni ya uwanja wa ndege, pasipoti ameing'ata kwa meno, mkono mmoja unavua mkanda. Alijibu neno moja, sawa. Wiki ile ile Nuru yake ilipanda pointi sita, na tangu hapo ujumbe wa nyumbani uliomfikia mzima ni ule mmoja tu wa msiba, usiokuwa na salamu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee, lakini hawakusema kwamba anaweza kumtanguliza mama yake.

*

Mkuu wa idara ya Kiswahili pale Usomwema alikuwa Bi Salha Mwinyikombo, mtu wa Tanga, mpole wa maneno, mwenye macho yasiyokosa kitu. Alipokea alasiri ile ile. Uso ulitokea kwenye skrini umetulia, ushungi umepangwa vizuri, na Nakundwa hakuweza kujua kama anaongea na Bi Salha au na Sura ya Bi Salha. Njia ya kujua ilikuwa moja, na aliitumia ingawa moyo haukuwa na hamu ya salamu. Alimuuliza habari za nyumbani.

"Njema mwaya, ila huu msiba wako umenikata maini."

Mkia ulikuwapo. Alikuwa yeye mwenyewe, maana wakuu wa kampuni waliruhusiwa kuiweka Sura pembeni kwenye simu za ndani ili waongee kama watu, na Nakundwa alikumbuka sasa kwamba mama huyu siku zote aliiweka. Mwenye duka hakuwa akila bidhaa yake.

Bi Salha alimpa pole ya kweli, akamwombea marehemu. Kisha Nakundwa alipouliza kama walijua, hakudanganya. Walijua tangu Februari. Malalamiko yaliletwa, yakasomwa, ikakubaliwa kwamba kanuni ya 41 itaondolewa upande wa kuingia. Ila si sasa. Serikali tatu zilikuwa karibu kutia saini mkataba wa kuwapa Sura wauguzi na walimu wote wanaofanya kazi nje, na wiki sita zilikuwa zimebaki. Katika wiki hizo sita mtu yeyote asisikike akisema kwamba Sura haisikii. Baada ya hapo kanuni itatolewa kimyakimya, kama unavyotoa mwiba kwa mtoto aliyelala.

Na kwa upande wa Nakundwa mwenyewe, kampuni ilikuwa imeshamtayarishia msiba wa heshima. Sura yake ingevaa nyeusi. Ingesema sentensi tatu juu ya mama aliyemlea kwenye milima, na chozi moja lingeteremka upande wa kushoto. Walikuwa wamelijaribu kwa watazamaji. Nuru ingepanda pointi tatu.

Nakundwa aliuliza wiki sita ni akina mama wangapi. Alitegemea mwenzake angeliepuka swali hilo, lakini Bi Salha hakuliepuka.

"Wako, sikatai. Ukisema, mdogo wangu, utawaokoa hao. Lakini kuna maelfu waliokwisha kuzika. Wanajua wazazi wao walikufa kwa amani, hawajui kwamba waliitwa. Wewe unataka wafungue hifadhi wakute sauti za wazazi zikiwaita? Unataka wazike mara ya pili?"

Nakundwa alizima skrini.

Alikaa na neno hilo siku mbili, akitembea kwenye mvua kutoka bandarini hadi sokoni na kurudi, huku Sura yake ikiendelea kuhudhuria vikao na kuwapongeza watu kwa vyeo vyao vipya. Alijiuliza bila kujionea huruma: je, yeye mwenyewe asingependa asijue? Angependa. Kama mtu angemwondolea ule ujumbe wa Mei akilini, angempa mkono wake wa kulia. Kwa hiyo Bi Salha alisema kweli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu huku anakuomba unyamaze mpaka wengine wafe. Mahali fulani mguu wa mtu ulikuwa umevimba leo. Mahali fulani mtu alikuwa ameandika ila, anasubiri.

Palikuwa pia na jambo jingine, lisilo zuri, na haifai kulificha. Nakundwa alikuwa na hasira, na hasira yake ilitaka wenzake. Hakutaka kuwa peke yake duniani aliyempongeza mama yake kwa kuoza mguu. Aliijua hasira hiyo, akaitazama usoni, akashindwa kuitenganisha na ile nia njema. Zilikuwa zimefungwa furushi moja.

*

Asubuhi ya siku ya tatu aliketi kwenye ndoo yake akaandika. Aliandika mengi, kurasa nzima, kanuni na tarehe na majina ya mafaili, akamaliza, akatuma, akaegemea ukuta. Sekunde nne baadaye aliona kilichochapishwa. Ilikuwa picha ya roshani, na chini yake: "Ndugu zangu, mimi ni mzima!"

Akarudi kusoma alichoandika. Mstari wake wa kwanza ulisema, Ndugu zangu, mimi ni mzima, ila nina jambo zito la kuwaeleza. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimesalimia kwanza, kama alivyofundishwa akiwa na miaka mitatu, na mtambo wake mwenyewe ukakata palepale alipouambia ukate. Kufika saa tano watu elfu nne walikuwa wamempongeza kwa afya njema. Alicheka kicheko kibaya, ambacho Sura isingekihifadhi.

Basi haikubaki njia isipokuwa kuivua. Kila Sura ina mahali pa kuivulia, sheria imetaka hivyo, ila ukishavua hairudi kabla ya miaka mitano na Nuru yako inaanza upya kwenye sifuri. Watu waliliita hilo kwenda uso mtupu, na walisema hivyo kwa sauti ile wanayosemea habari za mtu aliyerukwa na akili. Ilimuuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu ilimuuliza kwa sauti yake mwenyewe, ya upole kabisa: "Nakundwa, umechoka tu. Si upumzike kwanza?"

Akabonyeza. Roshani ikazimika, jua likazimika, na kamera kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba ikaona kilichokuwapo: ukuta wenye ukungu, kamba ya nguo na soksi za Bibi Manana, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja aliyevimba macho na asiyechana nywele, juu ya ndoo.

Aliwarekodia wale elfu nne video, na hakusalimia mtu. "Mama yangu amekufa," alisema, "kwa sababu mimi niliufundisha mtambo usimsikie." Akawasomea jumbe tatu za mama yake na majibu matatu aliyojibiwa, vijua vyote alivitaja. Akaeleza kanuni ya 41 ni nini na nani aliiandika. Halafu akawaambia waende kwenye hifadhi zao, wapite zile kurasa tatu za maonyo, watafute neno ila. Zilikuwa dakika nne. Alizima kamera, akaanua zile soksi kwa sababu zilikuwa zimeshakauka, akazikunja.

*

Siku ya nne Usomwema waliiondoa kanuni, wakatangaza kwamba wameboresha huduma, na jina lake hawakulitaja. Mkataba wa zile serikali tatu ulikuja kutiwa saini baadaye kama ulivyopangwa, ila kwa kuchelewa wiki moja. Bi Salha alimwandikia mstari mmoja wa kumtakia heri, na ulionekana kama wa kweli. Nuru yake ilitoka sifuri ikakwama kwenye kumi na moja, kibali cha kukaa kikafutwa, akapewa siku kumi na nne za kuondoka.

Barua zilikuja nyingi. Muuguzi mmoja wa Muscat alikuta baba yake anaomba apelekwe hospitali tangu wiki iliyopita, akawahi, mzee akatibiwa. Alimwombea Nakundwa baraka kwa kurasa mbili. Nakundwa aliisoma barua hiyo mara moja tu, akaogopa kuizoea. Iliyomkaa ilikuwa ya mchomeleaji mmoja wa Doha, iliyokuja bila salamu. "Nilikuwa nalala vizuri miaka miwili. Sasa nimejua mama aliniita mara tisa. Wewe ulikuwa na haki gani?" Kwa kila barua kama ya muuguzi zilikuja nne kama ya mchomeleaji. Wengine walimlaani kwa kuandika kanuni, wengine kwa kuitangaza, na wako waliomlaani kwa yote mawili, na hao ndio alioona wana haki zaidi.

Siku mbili kabla ya safari alishuka tena jikoni kwa Bibi Manana. Mama yule alimsogezea kiti karibu na simu, akatoka kama siku ile.

"Shikamoo dada," Mbonea akasema.

Nakundwa alifumba macho. Shikamoo ilikuwa imerudi, na kwa dakika hiyo aliona kama amesamehewa, akaitikia marahaba. Mbonea alisema walimwona, Usangi nzima ilimwona, mchungaji aliionyesha video ile baada ya ibada. Aliongea vizuri, kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Kisha akauliza lile alilokuwa nalo.

"Kwa hiyo lile la kuendelea hivyo hivyo, hukulisema wewe."

"Sikulisema mimi, Mbonea. Nakuapia. Sikuwa najua lolote."

Alisikia mdogo wake anapumua.

"Afadhali ungelisema wewe," Mbonea akasema. "Mama amekufa akijua amemtii mwanawe."

Nakundwa akageukia habari za safari. Alimwambia anarudi nyumbani, kwamba atafika Alhamisi ijayo, atakuja kukaa, hana tena mahali pa kwenda. Mbonea akamkaribisha sana. Alisema watafagia chumba cha wageni, watatandika na lile shuka jipya. Chumba cha wageni ni kile cha mbele, cha mchungaji na mabwana shamba wanaopita. Nakundwa alikulia kile cha nyuma, kitanda kimoja na mama yake, na hakikutajwa.

Nyuma ya sauti ya mdogo wake mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha kifuani, kilichoanza na kukataa kwisha, na kati yake alisikia bakora ikigonga sakafu. Alimjua mwenye bakora. Alikishika chombo cha simu kwa mikono miwili akauliza habari za baba.

"Salama," Mbonea akasema.

Nakundwa akasubiri. Aliijua nafasi ile, ile pumzi moja ambayo mtu wa kwao huivuta baada ya kusema salama, na alikuwa ametega sikio lote, kama mama yake alivyosubiri neno lake mwezi Mei. Kikohozi kilianza upya, kirefu zaidi, halafu mlango ukafungwa na hakikusikika tena.

"Salama kabisa, dada," Mbonea akarudia, kisha akamtakia safari njema.